Baba ana hemofilia nami ni mjamzito: niwaeleze nini wakunga?

Swali

Habari zenu ndugu zangu. Baba yangu ana hemofilia A kali, ule ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri, na tangu utotoni nimeona magoti yake yakivimba kwa damu inayovujia ndani ya viungo. Mimi nimekuwa nikiambiwa kwamba mwanamke haugui ugonjwa huu, huubeba tu, ingawa hedhi yangu ni nzito tangu ilipoanza, na nilipong'olewa jino damu ilivuja hadi siku iliyofuata. Sasa ni mjamzito. Je, ni lazima mtoto arithi, na niwaeleze nini wakunga?

Jibu la kwanza

Hongera, dada. Jeni yenye hitilafu imo katika kromosomu X, na kwa kuwa baba ana kromosomu X moja tu, ambayo kila binti yake huipata, wewe ni mbebaji hata kabla ya kupimwa. Mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa na hemofilia, na wa kike ana uwezekano uo huo wa kuwa mbebaji. Ukali wa ugonjwa kwa kawaida haubadiliki ndani ya ukoo mmoja, hivyo mwanao wa kiume akirithi, tarajieni hemofilia kali kama ya babu yake.

Lakini hilo la "kubeba tu" si kweli, na inasikitisha kwamba wanawake wengi wameteseka kwa sababu yake. Mbebaji anaweza kuwa na upungufu wa fakta VIII, ile protini ya kugandisha damu, na akiwa na chini ya asilimia 40 ya kiwango cha kawaida huhesabiwa kuwa na hemofilia hafifu. Jino na hedhi yako vinatosha kudai kipimo. Tafadhali epuka pia aspirini, isipokuwa daktari anayeijua hali yako ndiye aliyekuandikia.

Jibu la pili

Mimi ni mkunga, na naomba kuongeza jambo ambalo husahaulika: ujauzito hupandisha fakta VIII, kwa hiyo kipimo cha sasa kinaweza kuonekana cha kawaida ilhali kiwango chako halisi ni cha chini. Kirudiwe katika miezi mitatu ya mwisho, kwa sababu ndicho kitakachoongoza uamuzi kuhusu sindano ya ganzi ya mgongoni. Baada ya kujifungua kiwango hushuka tena, na damu nyingi inaweza kutoka hata wiki kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna anayekuangalia kwa karibu. Usiivumilie ukidhani ni ya kawaida.

Kuhusu mtoto, waambie mapema, na iandikwe kwenye kadi yako, kwamba asivutwe kwa koleo wala kwa kifaa cha kunyonya, kwani anaweza kuvuja damu ndani ya kichwa. Damu ya kitovu ichukuliwe ili fakta VIII ipimwe, na kabla majibu hayajatoka asichomwe sindano ya msulini wala kufanyiwa tohara.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, mtoto akithibitika kuwa nayo, atapitia maumivu aliyopitia baba?

Jibu la kwanza

Si lazima, dada. Siku hizi mtoto huanzishiwa mapema tiba ya kuzuia uvujaji, ama fakta VIII ya mshipani, ama emisizumabu, inayochomwa chini ya ngozi kila wiki, kila wiki mbili au kila wiki nne. Mwombe daktari akuunganishe na kituo cha hemofilia kabla hujajifungua.