Chuo kinajinadi kwa "elimu pana", kisha kinaifuta. Karo iko palepale!

Jamani wana Malindi, na nyinyi wazazi wa Watamu, Mambrui, Gongoni na Marafa mnaouza mbuzi ili mtoto asome, pitieni hapa kabla hamjalipa karo ya muhula ujao. Chuo sikitaji jina. Bado nawadai malipo ya muhula uliopita, na hao ni watu wepesi wa kununa, wazito wa kulipa. Wenyewe wanajijua.

Mimi ni mhadhiri wa muda. Yaani nalipwa kwa somo, wakikumbuka. Nafundisha yale masomo ambayo kila mwanafunzi lazima ayapite, awe wa uhasibu, wa utalii au wa kompyuta. Vijana wanayaita komoni yuniti, na nusu yao wanayachukia kabla hawajaingia darasani. Hilo nalijua. Lakini ndiyo hayohayo chuo kinayoyauza! Bango lao pale barabarani, vipeperushi, hotuba za mahafali, kote ni "sanaa huria", "elimu pana", "mhitimu aliyekamilika". Mzazi analipa hapa zaidi ya ambavyo angelipa kwingine kwa sababu ya maneno hayo.

Sasa sikilizeni. Mtaala mpya wa masomo hayo umetufikia kwenye grupu la WhatsApp, Ijumaa mchana, watu wako njiani kwenda msikitini. Faili moja, salamu hakuna. Nimelifungua nikafikiri nimekosea faili. Historia ya Pwani na Afrika imesukumwa kwenye orodha ya hiari, nasi tunajua somo la hiari lisilo na mwalimu huishia wapi. Fikra tunduizi (yaani kufikiri kwa kuhoji na kupima hoja) na maadili imeunganishwa na stadi za mawasiliano, yote mawili yawe somo moja la mtandaoni, na mtihani wake ni wa kuchagua jibu. Kufikiri kwa a, b, c na d! Sayansi kwa wasio wanasayansi imefutwa kabisa. Mahali pake pamewekwa ujasiriamali wa kwanza, ujasiriamali wa pili, na kitu kinachoitwa utayari wa ajira. Mtoto wa mama anayekaanga viazi karai tangu alfajiri, aliyelelewa na hesabu za mtaji na faida, anakwenda kufundishwa biashara mara mbili na mtu ambaye hajawahi kuuza hata njugu.

Tuliulizwa? Tulitumiwa fomu yenye swali hili: je, unaunga mkono mtaala unaozingatia soko la ajira? Nani atajibu hapana? Hiyo ndiyo wameiandika kwenye ripoti kuwa ni kushirikisha wadau.

Niwaambieni jambo ambalo halisemwi mikutanoni. Katika chuo kidogo, somo la wote ni mali. Kila anayesajiliwa lazima alisome, kwa hiyo idara inayolimiliki ina uhakika wa vichwa mwaka hata mwaka. Vichwa ni saa za kufundisha, saa ni bajeti, bajeti ni nafasi za kuajiri. Idara ya biashara imejaa tele kwenye seneti, kile kikao kikuu cha chuo kinachopitisha mitaala. Historia ina mtu mmoja wa kudumu, naye anakaribia kustaafu. Falsafa haina mtu, ina mimi. Haya, pigeni hesabu wenyewe nani ataamua kijana wa Malindi ajue nini kabla hajavaa joho. Hilo swali la ajue nini halikuulizwa kabisa. Waligawana saa, yakhe, na walipomaliza kugawana ndipo wakatafuta maneno mazuri ya kuuvika mgao wao. Na kwa kuwa somo la mtandaoni linarekodiwa mara moja likachezwa kampasi zote, vibarua kama mimi hatuhitajiki tena. Ada ya somo imeshuka? Hata shilingi. Wamekula nyama, wametuachia miba, na bei tunalipa ya samaki mzima.

Kisingizio cha pili ni CBE, huu mfumo mpya wa elimu ya umilisi mashuleni. Eti "tunajiandaa". Hebu! Kundi la kwanza la CBE limeingia Gredi ya 10 Januari 2026, litafika vyuoni 2029. Na huko sekondari ya juu wameshagawanywa njia tatu: ya kwanza sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya pili sayansi ya jamii; ya tatu sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kumi na mitano keshachagua upande. Atakuja chuoni amesoma kwa wembamba kuliko sisi wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 tuliobebeshwa kila kitu mpaka mgongo ukapinda. Huyu ndiye wa kupunguziwa masomo ya jumla, au ndiye wa kuongezewa?

Na kama kuna mji nchini Kenya ambao hauna ruhusa ya kuchezea somo la fikra na maadili, ni huu wetu. Tunakaa karibu na Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule msituni, wengi wao wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie waliokufa kwa njaa, na watoto wamo. Sisi hatukuisoma habari hiyo magazetini tu, tuliyaona magari yakiingia na kutoka chumba cha maiti. Na si wote waliomfuata mhubiri walikuwa watu wasiosoma. Muhula ule darasani niliacha mpango wangu wa somo, tukazungumza: mtu anayedai kusema kwa niaba ya Mungu unamuuliza nini? Ushahidi ni nini? Kumtii kiongozi kunakoma wapi? Vijana waliokuwa wakisinzia nyuma walisimama kuongea, Waislamu kwa Wakristo, mmoja akalia. Leteni hilo kwenye maswali ya kuchagua jibu nione.

Sayansi nayo. Pale Ngomeni, kaskazini kidogo tu, ndiko iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikaitwa Uhuru kwa sababu ilirushwa Siku ya Jamhuri, ambayo pia ni kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini. Nauliza kila darasa jipya, na karibu wote hawajui. Wanajua Ngomeni ya kamba na chumvi. Gede nayo, yale magofu ya mji wa kale hapa jirani, imeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na mwanafunzi wetu wa utalii sasa anaweza kuhitimu bila kulazimika kusoma ukurasa mmoja kuhusu walioujenga mji ule na vipi vyombo vya kaure vya China vilifika pale. Atawaambia wageni nini, kwamba kuna nyani?

Sisemi mtaala usiguswe. Ule wa zamani ulikuwa na mavi ya kale humo ndani, notisi nyingine zimenakiliwa mpaka herufi zimefifia. Lakini kuna namna ya kubadilisha. Mwaka 1968 pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Ukikubali ukikataa, walisema wazi kipi kikae katikati na kwa nini, wakatia majina yao. Columbia kule New York walianzisha somo lao la wote mwaka 1919, vita vikuu vimetoka kuisha, na hadi leo linafundishwa kwa makundi madogo ya kubishana. Dar es Salaam wakaweka masomo ya maendeleo kwa kila mwanafunzi, daktari na mhandisi wakiwemo. Unaweza kuwapinga wote hao, lakini huwezi kusema hawakuwa na hoja. Wa kwetu wana faili lisilo na jina la mwandishi.

Kinachonichoma zaidi ni wanaoendelea. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokwishafaulu historia na sayansi wanaambiwa masomo hayo "hayalingani" na mtaala mpya, hivyo wasome ujasiriamali na utayari wa ajira ndipo wahitimu. Kwa kulipia! Kijana alisajiliwa kwa mkataba mmoja, unambadilishia katikati ya safari kisha unamtoza nauli ya pili. Huo ni wizi, sina neno jingine.

NYONGEZA: Naona kwenye maoni mmeshaanza kusema nalilia tumbo langu. Ndiyo, nalilia na tumbo, nina watoto. Hoja zangu zijibiwe hivyohivyo.

Na wewe uliyeandika kwamba vijana wanataka kazi si falsafa: Ghana kuna chuo cha Ashesi, kilianza 2002, kinafundisha biashara, kompyuta na uhandisi, na wote wanapitia masomo ya sanaa huria. Mwanzilishi wake, Patrick Awuah, alikuwa mhandisi wa Microsoft. Si ustadhi wa mashairi.

Tunachofanya sasa: barua ya pamoja kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, nakala kwa uongozi wa chuo. Tunataka mambo mawili: wanaoendelea wamalizie mtaala waliosajiliwa nao bila senti ya ziada, na huu mpya usimamishwe mpaka wahadhiri, wanafunzi na wazazi wakae mezani. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na taarifa za kumwezesha kufaidika nayo, na mzazi anayelipa karo ni mtumiaji. Wanafunzi msitie sahihi peke yenu, mzazi atangulie, maana mnajua visasi vya huko.

Mwenye muhtasari wa kikao cha seneti kilichopitisha kitu hiki aulete hapa, afute majina. Na wale wa mwaka wa tatu mliotozwa tayari, nitumieni risiti kwa ujumbe wa faragha.