Tunaitwa wamiliki wa ushirika wa umeme, lakini muhtasari wa kikao cha bodi yetu tunanyimwa

Wanajukwaa, nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kueleza jambo hili kwa mpangilio, kwa sababu naamini humu wamo wenzangu wanaoishi vijijini Marekani ambao kila mwezi wanalipa bili ya umeme kwa ushirika bila kujua kwamba wao wenyewe ni wanachama wake.

Huu ni mwaka wangu wa sita katika kijiji kimoja cha jimbo la Missouri. Umeme wetu hautoki kwenye shirika la umma wala kampuni ya wenye hisa, bali kwenye ushirika ambao kila mwenye mita ni mwanachama na kila mwanachama ana kura moja, awe na banda la kuku au kiwanda cha mbao. Mwezi wa pili nilifungua bili nikakuta ada ya kudumu, ile inayotozwa hata kama hukuwasha taa hata moja, imepanda kutoka dola 29 hadi dola 41. Hatukuletewa barua wala hatukuitwa kikaoni. Chini kabisa ya karatasi, kwa herufi za kuumiza macho, palikuwa na sentensi moja kwamba bodi imeidhinisha.

Niliandika kuomba muhtasari wa kikao kilichopitisha ada hiyo. Nikaletewa fomu ya kurasa mbili inayonitaka nieleze “sababu halali” ya kuuomba. Nilijaza kwamba mimi ni mwanachama na ninataka kujua fedha zangu zinakwenda wapi. Baada ya wiki tatu nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba sababu hiyo haitoshi. Sasa naomba mnieleze: mwenye mali akitaka kuona daftari la mali yake, atoe sababu gani nyingine?

Jambo hili si dogo. Hapa Missouri, tume ya jimbo inayopanga bei za kampuni binafsi za umeme haina mamlaka juu ya bei za ushirika wa umeme vijijini. Hoja yake ni kwamba wanachama wanajisimamia wenyewe kupitia bodi waliyoichagua, na mimi hoja hiyo naikubali kabisa. Lakini bodi ikishafunga kabati la mihtasari, hakuna anayesimamia chochote, si serikali wala sisi.

Mtaniambia nisubiri mkutano mkuu. Nilikwenda. Ulipangwa siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, wakati nusu ya majirani zangu wako zamu kwenye machinjio, nami ilinibidi kubadilishana zamu na mwenzangu ili nihudhurie. Mlangoni kila mmoja alipewa ndoo ya plastiki yenye taa mbili ndani yake na tiketi ya bahati nasibu. Nafasi tatu za bodi zilikuwa zinajazwa, na majina yaliyosomwa yalikuwa matatu, yote yameletwa na kamati ya uteuzi ambayo wajumbe wake waliteuliwa na bodi hiyohiyo. Mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi, na kabla mzee aliyekaa kando yangu hajamaliza kuvaa miwani yake, meza ilikuwa imekwisha kugongwa. Niliponyoosha mkono niliambiwa kwamba maswali hupelekwa kwa maandishi siku kumi kabla. Bahati nasibu ilichukua dakika arobaini.

Nisieleweke vibaya. Mafundi wa laini wa ushirika huu nawaheshimu kwa moyo wote. Dhoruba ya barafu ilipoangusha nguzo za barabara yetu, niliwaona usiku wa manane wakiwa juu ya nguzo, ndevu zao zimeganda, na siku ya tatu umeme ukarudi. Najua pia kwamba kusambaza umeme kijijini ni ghali: ushirika wa huku kwa wastani una wateja wapatao 8 tu kwa kila maili ya laini, wakati kampuni za mijini zina zaidi ya 30. Yawezekana dola 41 ni haki. Basi waonyeshe hesabu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wa hapa ndio waliojijengea kitu hiki. Katikati ya miaka ya 1930, takriban shamba moja tu kati ya kumi ndilo lililokuwa na umeme nchini humu, kwa kuwa kampuni ziliona kupeleka nyaya vijijini hakulipi. Rais Roosevelt alipoanzisha wakala wa umeme vijijini mwaka 1935, na sheria yake ikapitishwa mwaka uliofuata, ni wakulima waliozunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha wanachama, mahali pengi kwa kiingilio cha dola 5, wakakopa serikalini na kusimamisha nguzo. Ziada ya kila mwaka huandikwa kwa jina la mwanachama kulingana na umeme alioununua, kisha hurejeshwa baada ya miaka, pengine ishirini au thelathini. Jirani yangu mjane ameuliza mara mbili fungu la marehemu mumewe ni kiasi gani, na hadi leo hajajibiwa.

Baba yangu alikuwa mwanachama wa chama cha msingi cha pamba kule Shinyanga, na stakabadhi zake alizihifadhi kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Najua wanachama wanavyozoeshwa kunyamaza kidogo kidogo.

Haya yanarekebishika. Kule Texas, wanachama wa Pedernales, ushirika mkubwa kuliko yote ya umeme nchini humu, walifungua kesi mwaka 2007, na baada ya hapo uchaguzi wa bodi na vikao vyake vikafunguliwa kwa wanachama.

Nimeanza kukusanya saini za kuitisha mkutano maalumu wa kubadilisha masharti, ili muhtasari utolewe kwa kila mwanachama anayeuomba na kura zipigwe kwa posta. Hadi jana usiku nilikuwa na saini 61, na nyingi nimezipata jikoni kwa watu, baada ya zamu. Kama yupo humu aliyewahi kupitia njia hii katika jimbo lolote, naomba anieleze mambo mawili: je, bodi inaweza kuzikataa saini kwa kisingizio kwamba mita imeandikishwa kwa jina la mke au mume, na ni nani aliyezihakiki kwenu?