Shemeji anataka nimtolee siri za tenda, nifanyeje?

BintiTudor:
Assalaam aleikum wana Mombasa. Mimi ni karani wa manunuzi kwenye ofisi moja ya serikali hapa, sitaji jina. Kuna tenda imefunguliwa juzi na kampuni ya shemeji yangu, kakake mume wangu, imo. Toka siku hiyo simu hazikatiki, ati niipige picha ile karatasi ya maksi za kila kampuni nimtumie wasap kisha nifute, yuwasema hakuna atakayejua. Nimekataa akaenda kwa mama mkwe, na mama mkwe jana kaja hadi kwangu, chai nimemwekea hakuigusa, aniuliza kwani we si wa kwetu? Mume wangu kanyamaza tu. Sasa nauliza, hizo bei si zilisomwa mbele ya watu wote, mbona nikimwambia iwe kosa? Na ni kufutwa kazi tu ama kuna jela?

KahawaTungu:
Dada hapo kuna vitu viwili. Siku ya kufungua, majina ya kampuni na bei husomwa kwa sauti, hiyo si siri tena na shemejio kama hakuweko shauri yake. Ila kamati ikishakaa, nani kapata maksi ngapi, nani kaangushwa kwa karatasi gani, wenzake wameandika nini mle ndani, hapo mdomo hufungwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 67. Ukipatikana na hatia ni faini hadi milioni 4 ama jela hadi miaka 10, ama vyote.

MtuWaLikoni:
Milioni 4 kwa mshahara wa karani 😂 wakubwa watoa siri kila siku mbona hatuwaoni gereza la Shimo la Tewa

KahawaTungu:
Wakubwa wana mawakili, yeye ana nani? Na hiyo picha ikishafika kwa shemeji si yake tena, akinyimwa tenda ndiyo hiyo hiyo ataitoa kama ushahidi, kisha waulize imetoka simu ya nani.

MamaMwembeKuku:
Mwanangu, mwandikie mkubwa wako barua leo kwamba mwenye kampuni ni ndugu wa mumeo na wajitoa kwenye hiyo tenda, ubaki na nakala yenye muhuri. Ndugu wa mume kisheria ahesabika. Na kwa mkwe usende peke yako, mumeo ndiye wa kusema na mamake, kunyamaza huko si uanaume.

Msomi_Kisauni:
Shemeji akikosa ataandikiwa na kupewa sababu, halafu ana siku 14 za kwenda bodi ya rufaa za tenda. Hiyo ndiyo njia yake. Lakini kama we mwenyewe waona kuna mchezo humo ndani hilo jambo jingine, peleka EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, wana ofisi hapa hapa Mombasa na sheria yamlinda anayeripoti. Kumpa EACC na kumpa shemeji si kitu kimoja.

BintiTudor:
Shukran sana, barua naandika asubuhi. Mume kasema atampigia kakake. Mama mkwe bado hashiki simu yangu.

MtuWaLikoni:
Kwani tenda yenyewe ni ya nini?

BintiTudor:
Ilitangazwa, kasome tangazo kama wenzio 😏