Kuchukuliwa vinyama vya tezi dume kwa ultrasaundi: mliopitia nisaidieni

Kibarua61

Wakuu, salaam. Nina miaka 61. Nilikuwa naamka kukojoa mara tatu nne kila usiku, nikaenda kupima, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikaja 8.4. Daktari akanipima kwa kidole, akasema upande wa kushoto pana kigumu. Alhamisi ijayo nachukuliwa vinyama vya tezi, yaani vipande vidogo vya kupima saratani. Karatasi niliyopewa inasema kipimo kitapita njia ya haja kubwa na nitapigwa ganzi. Basi, imeishia hapo.

Nataka kujua: kinauma kiasi gani? Kesho yake naweza kurudi kazini? Halafu kuna jamaa kaniapia kwamba sindano ikigusa uvimbe, saratani inasambaa. Ni kweli? Natumia aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo, sijui kama inahusika. Mke wangu anajua, watoto sijawaambia.

BabuKofia

Kaka, kitanda hicho nimekilalia mara mbili, kwa hiyo nakujibu kama mwenyeji.

Tuanze na hiyo aspirini. Usiiache kwa uamuzi wako, na usinyamaze nayo. Wapigie leo uwaambie. Wengi huruhusiwa kuendelea na aspirini ndogo, ila dawa kali za kuzuia damu kuganda, mfano warfarini, kwa kawaida husimamishwa siku kadhaa kabla, na wa kuamua ni daktari anayeujua moyo wako.

Siku yenyewe utalazwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, suruali huna. Aibu inaisha mapema kuliko unavyodhani. Kifaa cha ultrasaundi kina unene wa kidole gumba hivi, kinavalishwa mpira na kupakwa jeli. Kwangu mimi kile kifaa kuingia ndiko kulikonikera kuliko sindano zote. Ganzi inachoma kama ile ya jino, kisha panakufa.

Sasa kuna jambo hakuna aliyeniambia, nalo ni mlio. Sindano inafyatuliwa na kifaa chenye springi, inalia ta! kama stepla. Ule wa kwanza niliruka, daktari akasema "mzee, tulia, sindano bado iko ndani." Mara ya pili nikaomba waifyatue hewani kwanza niisikie, na baada ya hapo nikawa nahesabu tu. Zilikuwa 12, sita kila upande. Kila moja inatoka na uzi mwembamba wa nyama wa sentimita moja na nusu hivi. Kuanzia kulala hadi kuvaa suruali haikuzidi dakika 20.

Damu utaiona. Kwenye mkojo wangu ilikuwa ya waridi siku tatu, kwenye choo siku mbili. Kwenye shahawa ndiko kulikonitoa jasho: nyekundu kwanza, kisha rangi ya kutu, ikaenda wiki tano. Ni kawaida, inaisha yenyewe. Mwambie na shemeji mapema, maana mimi sikusema na usiku ule tuliwasha taa tukatazamana.

Lakini ukisahau yote, kumbuka hili. Usiku wa pili baada ya kipimo cha kwanza nilianza kutetemeka, meno yanagongana, blanketi mbili hazinitoshi. Nikameza parasetamoli, nikasema ni mafua. Mke wangu akaleta kipima joto: 39.1. Tukapiga simu tulikofanyiwa kipimo, aliyepokea akasema ninywe maji mengi, nije asubuhi. Mke wangu alishavaa viatu kabla simu haijakatwa. Nililazwa siku nne, dawa zinapita kwenye mshipa. Sindano inatoboa ukuta wa utumbo ndipo iifikie tezi, na vijidudu vya mle vinaweza kuingia kwenye damu. Ndiyo maana unapewa antibiotiki kabla. Vyangu vilikuwa sugu kwa dawa niliyopewa. Daktari wa wodini akaniuliza kama nilikuwa nimetumia antibiotiki miezi ya karibuni. Nilikuwa nimetumia, wiki sita nyuma, kwa ajili ya mkojo. Sikuwa nimesema kwa sababu hakuna aliyeniuliza, nami nikadhani kilichopita kimepita. Kwa hiyo wewe sema hata wasipouliza.

Na majibu ya mara ile hayakuonyesha kitu! PSA ikaendelea kupanda, MRI (picha ya mashine ya sumaku) ikaonyesha doa sehemu ya mbele ya tezi ambako zile sindano 12 hazikufika. Mara ya pili wakapitia kwenye ngozi, kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Kifaa cha ultrasaundi kinaingia kule kule, ila sindano haigusi kinyesi, kwa hiyo maambukizi ni machache zaidi. Uliza kama wanafanya. Ikapatikana saratani ya Gleason 6, yaani ya daraja la chini, napimwa kila baada ya muda, sijakatwa wala kuchomwa mionzi.

Muuguzi_wa_Zamu

Shikamoo baba Kibarua, shikamoo babu. Nimewasaidia wengi kulala kwenye hicho kitanda, naongeza machache.

Kusambaa kwa saratani kwa sababu ya sindano ni jambo nadra mno, lisikunyime usingizi. PSA pia hupanda kwa tezi kukua tu au kwa maambukizi, ndiyo maana mkojo wako unapaswa kupimwa kabla. Ukikutwa na maambukizi, kipimo kinaahirishwa. Uliza pia kama MRI inawezekana kabla ya sindano, ili wajue pa kulenga.

Kazini wengi hurudi kesho yake ikiwa ni kazi ya kukaa. Ikiwa unabeba vizito, pumzika siku kadhaa. Ukipewa dawa ya usingizi, usiendeshe gari siku hiyo.

Babu kasema homa: 38 kwenda juu, au kutetemeka hata bila homa, nenda hospitali saa hiyo hiyo na useme "nimechukuliwa vinyama vya tezi dume." Hayo maneno yanabadilisha namna wanavyokupokea. Nenda pia ukitoa mabonge ya damu, au mkojo ukigoma kutoka na tumbo la chini limejaa. Hapo utawekewa mpira wa mkojo, mara nyingi kwa siku chache tu.

MamaPendo

Huo mkojo kugoma ulimpata mume wangu. Alikaa saa saba anasema "utatoka tu." Wanaume mnatuchosha jamani. Na mvae nguo ya ndani ya rangi nyeusi siku hiyo, mweke na pedi, msione haya.

Kibarua61

Nawashukuru sana. Marahaba mwanangu Muuguzi. Nimepiga simu asubuhi. Aspirini wamesema niendelee nayo. Nilipowaambia nilimeza antibiotiki mwezi uliopita kwa ajili ya jino, yule dada alinyamaza kidogo, akaniambia nisubiri, akarudi na daktari kwenye simu. Sasa Jumatatu naenda kutoa mkojo na kuchukuliwa pamba ya njia ya haja kubwa ili wajue dawa gani itafaa, na Alhamisi imesogezwa wiki moja. Kupitia kwenye ngozi hawafanyi hapo.

Babu, hiyo habari ya rangi ya kutu nimemsomea mke wangu. Amecheka mpaka ameketi chini, kisha akauliza kipima joto chetu kiko wapi. Hatukioni.

BabuKofia

Nunueni kingine kabla ya Alhamisi hiyo mpya. Na namba ya kupiga usiku uwe umeshaiandika, siyo ile ya mapokezi.