Majirani wa Vizimba, Soko la Mwanjelwa, Mbeya

Katibu: Amkeni wapendwa. Jana jioni umeme ulikatika, pasi ikabaki kwenye soketi kizimba cha fundi. Usiku umeme ukarudi. Mlinzi kaona moshi, kavunja kufuli. Meza imetoboka, mengine salama.

Mama Vitenge: Jamani! 2006 soko liliteketea tukiangalia. 2017 soko la SIDO nalo. Hatujifunzi tu?

Fundi Cherehani: Kufuli la mtu nitalipa.

Baba Spea: Mimi sina presha. Kwenye mkopo wangu wanakata na bima.

Dada Wakala: Shikamoo baba. Karatasi uliisoma? Bima ya mkopo mara nyingi ni ya uhai. Ukifariki, deni linalipwa. Spea zikiungua, marejesho yako palepale.

Baba Spea: Marahaba. Weee! Sasa hela yangu wanakatia nini?

Dada Wakala: Wanajilinda wao 😅 Bima ya mzigo unakata peke yake. Na usipunguze thamani ili ada iwe ndogo. Mzigo wa milioni 20 ukiuandikisha milioni 10, ukiungua wa milioni 6 wanaweza kukupa 3 tu. Uliza pia kama maji na tope vimo, kwa kawaida bima ya moto tupu haivibebi. Wa Itezi waliona tope la mlima Kawetele lilivyoshuka Aprili 2024.

Mama Vitenge: Na nathibitishaje? Risiti zangu zote ziko kwenye boksi chini ya meza hiyohiyo 😂

Dada Wakala: Piga picha rafu kila mwisho wa mwezi, na risiti, na daftari la madeni. Mtumie mtu wa nyumbani, simu nayo inaungua. Na ikitokea, usifagie majivu kabla mkadiria hasara hajafika.

Mama Vitenge: Daftari la madeni hasa! Duka likiungua wadaiwa wote wanapoteza kumbukumbu. Kuna mmoja aliniangalia usoni, "mama, mbona nilishamaliza?" Kitenge chenyewe kakivaa.

Katibu: 😂😂 Zimamoto ni 114, kupiga bure. Ila gari litapita wapi? Geti la chini meza za nyanya zimeziba njia nzima.

Mama Nyanya: Unanisema mimi?

Katibu: Nimetaja nyanya, sijataja mtu.

Mama Nyanya: Nasogeza leo. Na wa mitumba watoe mabelo yao, siyo kila siku nyanya.

Katibu: Sawa, wote kabla ya saa kumi. Na wenye majiko ya mkaa ndani kwa ajili ya baridi, jamani, toeni nje. Vitambaa vinaning'inia juu yake kabisa.

Baba Spea: Kamera yangu imepasuka, picha zinatoka ukungu mtupu.

Dada Wakala: Nakuja mchana baba nikupigie. Fungua kabisa ukurasa wa wadaiwa.

Baba Spea: Ndaga fijo mwanangu. Wa kwanza kwenye ukurasa ni Katibu.

Katibu: Ijumaa mzee 🙏