Tumehamia Bububu kutoka Mombasa: kuta zinatoa unga mweupe, na bakuli la jirani bado liko kwangu

Umi_wa_Kisauni

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Mimi na mume wangu tumetoka Mombasa, Kisauni, na hii ni wiki ya sita tuko hapa Bububu. Mume kapata kazi ya ufundi wa mashine za boti huko Nungwi, waajiri wake ndo walioshughulikia karatasi zake, anaondoka Jumamosi alfajiri anarudi Alhamisi usiku, kwa hivyo kusema kweli hii nyumba naihamia peke yangu. Tulikuja kwa barabara, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, mpaka Dar, halafu boti, na tulichobeba ni masanduku matatu, mbuzi ya kukunia nazi na cherehani ya marehemu nyanya yangu, hiyo nilikataa kuiacha.

Lugha ni moja, dini moja, chakula karibu kimoja, nilidhani itakuwa kama kuvuka feri ya Likoni tu. Lakini kuna mambo yananishinda. Nikiambiwa kitu ni elfu 10 moyo unaruka mpaka nigawe kwa 20 ndo natulia. Maji ya bomba yanatoka usiku wa manane tu, na ya kisima cha mwenye nyumba ni mazito, sabuni haitoi povu na birika jipya limeshafanya magamba meupe ndani. Kuta za chumbani zinatoa unga mweupe kama chumvi, rangi inabanduka vipande vipande, na tangu mvua za masika zianze nguo za kabatini zimeota ukungu, hata kanzu ya mume ya Ijumaa ina madoadoa mgongoni. Nafanyaje?

Hilo la nyumba mtanisaidia najua, ila lipo jengine linalonikosesha usingizi. Siku ya tatu tu tangu tuhamie jirani wa upande wa msikitini, mama mtu mzima, alituletea mihogo ya nazi na samaki. Bakuli jeupe la maua ya buluu, ukingo wake umepauka kwa kuoshwa miaka na miaka. Akasema "karibuni jirani" akaondoka kabla hata sijamuuliza jina. Kwetu bakuli halirudi tupu na nnajua kwenu ni vivyo hivyo, lakini siku ile sikuwa hata na gesi, nikasema wiki ijayo, wiki ijayo ikawa mvua, iliyofuata nikaumwa, na sasa kila siku inayopita naona haya zaidi. Juzi nilimuona anapita na mwavuli nikavuta pazia. Nilipokwishavuta nikakaa kitandani nikalia, mana'ke huyo ndo mtu pekee aliyebisha mlango wangu tangu nije. Nampelekea nini baada ya muda wote huu, na naanzaje kusema?

La mwisho, nafikiria kuanza kushona mabuibui hapa nyumbani niuze mtaani, ama kukaanga mahamri asubuhi, angalau nipate kujuana na watu. Inafaa?

Bi_Chemchem

Wa alaykum salaam mwanangu, karibu sana Bububu. Mie nimezaliwa hapa na wajukuu zangu wamezaliwa hapa.

Nianze na bakuli. Huyo jirani yako hakuhesabu siku, weye ndo unahesabu. Kinachomuuma pengine si bakuli, ni kuwa umekaa wiki sita na hujaingia kwake, atakuwa anajiuliza kama mihogo haikukupendezeni au kama hamtaki kujuana na watu. Kwa hivyo usingoje mpaka upike pilau. Hapa mtu anarudisha sahani na alicho nacho, ndimu, mayai mawili, ndizi, sukari kidogo akikosa kabisa. Weye una mbuzi ya nazi na wewe ni mtu wa Mombasa, piga mahamri yako ya iliki, manane tu yanatosha, funika na kitambaa safi, nenda.

Nenda alasiri baada ya sala. Adhuhuri watu wanapika na wanalala, magharibi wanatawadha. Piga hodi, ukiitikiwa karibu ingia, ukipiga mara tatu kimya rudi nyumbani uje kesho, usichungulie dirishani. Mwamkie kwanza shikamoo, muulize hali ya nyumba, kaa. Hiyo ya kukaa ndo yenyewe. Wageni wengi wanakabidhi mlangoni na kuondoka, wanadhani wanapunguza usumbufu, kumbe wanamnyima mtu fursa ya kumkarimu mgeni wake. Na mwambie kweli kuwa uliona haya, usitunge safari wala maradhi mengine.

Maji ya kisima ni ya kufulia na kuogea, kisiwa chetu hiki ni mawe ya matumbawe na maji yanapita humo humo, ndo maana mazito. Ya kupikia na kunywa kinga ya bomba na uyachemshe. Weka tangi chini lipate maji usiku bila ya wewe kuamka, halafu pampu ndogo ipandishe juu asubuhi. Birika tia maji na ndimu tatu au siki, chemsha, acha yalale, asubuhi magamba yanatoka yenyewe. Na mimi jambo hili la maji linanikera khasa kwa sababu ni hapa hapa Bububu, kwenye chemchem zetu, Sayyid Barghash alipovuta maji ya mifereji kuyapeleka mjini, miaka ya 1880 huko, na leo wajukuu tunaamka saa nane za usiku na ndoo.

fundi_wa_chokaa

Dada Umi hiyo ni chumvi kweli, hujakosea. Mara nyingi matofali au plasta imepigwa kwa mchanga wa pwani, na chumvi ikishaingia haitoki kwa kupakwa rangi. Maji yanapanda kutoka chini ya msingi, yanaibeba chumvi mpaka juu ya plasta, yakikauka yanaiacha pale, ndo huo unga. Chumvi nayo inavuta unyevu wa hewani ndo maana masika ukuta unatoa jasho hata pasipovuja.

Tizama kwanza uko wapi. Kama unga unaishia magotini au kiunoni maji yanapanda toka chini. Kama uko juu karibu na dari basi bati linavuja au misumari imeliwa na kutu, hiyo kazi nyengine. Sogeza kabati liwe mbali na ukuta angalau shibri moja, hilo fanya leo leo, ukungu wa nguo nusu yake unatoka hapo kwa sababu hewa haipiti nyuma. Unga ufagie kwa brashi kavu, usioshe ukuta kwa maji, ukiosha unairudisha chumvi ndani na wiki ijayo inatoka upya. Na usikubali mtu akupakie rangi ya mafuta juu yake, inafunga unyevu, baada ya miezi mitatu inavimba kama malengelenge na kuanguka. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe na chokaa, ukuta unapumua, unaloa na kukauka. Nimeona watu wanakarabati kwa kupiga saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu unakwama ndani na jiwe linaoza, roho inaniuma kila nikipita.

Ngoja mvua zimalizike, upepo wa kusi ukishika mwezi wa 6 mpaka wa 8 fungua madirisha yote mchana, ukuta ukikauka vizuri ndo ukwangue plasta iliyooza na upake chokaa. Mwenye nyumba ndo wa kulipa hiyo, si weye.

Mpemba_wa_Mkoani

Karibu dada. Mie ni mtu wa Pemba, Zanzibar hii hii unaweza kusema, lakini nilipohamishiwa kazi Unguja na mke wangu tulikaa Fuoni miezi minne hatujui mtu, kwa hivyo usidhani ni kwa sababu umevuka mpaka. Kilichotutoa ni msiba. Jirani alifiliwa, mke wangu akavaa kanga akaenda kukaa na wanawake, hakumjua hata mmoja, akachambua mchele siku nzima. Kuanzia kesho yake watoto wa mtaa mzima wakawa wanamwamkia. Harusi utaalikwa, msiba hauna mwaliko, ukisikia nenda.

Kabatini tia karafuu kavu ndani ya kitambaa na ufukize udi kwenye chetezo kila Alhamisi, sisi Pemba ndo tunavyofanya.

Na kitu kimoja hujakiuliza, friji. Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na wa mtaani unakatika na kurudi kwa kishindo. Nunua kile kidude cha kulinda friji kabla hujajuta. Wenye umri wanakumbuka ule mwisho wa 2009 mpaka 2010, Unguja ilikaa gizani kama miezi mitatu, waya mpya mkubwa ulikuja 2013 na hali si ile tena, lakini taa ya kuchaji isikosekane.

fundi_wa_chokaa

Karafuu zinatoa harufu nzuri tu kaka, unyevu hauondoki. Na udi ufukize nguo zikiwa zimeshakauka juani, ukifukiza mbichi unapata ukungu wenye harufu ya udi.

Mpemba_wa_Mkoani

Sawa fundi, anike kwanza. Karafuu siziachi lakini.

Mlamu_Mkunazini

Dada yangu Mkenya mwenzangu, mimi ni mtu wa Lamu, nimeolewa hapa mjini mwaka wa 11 huu. Nisikilize kwenye lile la kushona kwa sababu hao wengine wamelipita.

Usianze kuuza chochote kabla hujauliza. Kibali cha kazi cha mumeo kinatolewa na Kamisheni ya Kazi hapa hapa Zanzibar, kazi si jambo la Muungano. Uhamiaji ni wa Muungano, kwa hivyo kibali cha ukaazi ni mlango mwengine kabisa. Wewe uko kwa karatasi zake, kama mtegemezi, na mtegemezi hana ruhusa ya kufanya kazi wala biashara mpaka apate kibali chake. Watu wanasema sisi ni Afrika Mashariki ni ndugu, kweli ni ndugu, lakini karatasi ni karatasi. Najua mtu alianza na sinia moja la sambusa akaishia kuitwa na kuhojiwa, na mumewe ndo aliyepata taabu kazini. Nenda Uhamiaji Kilimani na pasi yako, uliza vizuri, watakwambia unahitaji nini. Kushona buibui lako na la jirani kwa kujuana, hiyo si biashara, anza na hapo.

Pili, mmekwenda kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa? Kama hamjaenda basi Ijumaa hii mume akiwepo nendeni wote wawili na pasi, vibali na mkataba wa nyumba. Kila shehia sheha wake anatakiwa ajue nani kahamia, na barua ya sheha utaihitaji kila pahala, skuli ya mtoto Mungu akikujaalieni, benki, kitambulisho cha mkaazi. Mimi nilichelewa miezi mitatu kwa sababu nilidhani ni kama chifu wa kwetu, unamtafuta ukiwa na shida. Hapa unatangulia wewe.

Na maneno madogo madogo, ukisema stima watu watafikiri unazungumzia meli, sema umeme. Ukienda kununua umeme wa mita unaitwa Tukuza. Mkate wa duka ni boflo. Nyanya ni ya kwenye mchuzi, mama yake mama ni bibi. Nilicheka mwenyewe wiki nzima nilipomwambia wifi yangu kuwa nyanya yangu ni mgonjwa akaniuliza kama nimezianika.

Nenda kwa huyo mama leo. Mimi nilikuwa na sahani ya mtu mwaka mzima, akahamia Dar, na ile sahani ninayo mpaka leo juu ya kabati.

Umi_wa_Kisauni

Nimerudi. Mungu awalipe nyote, sikutegemea majibu marefu namna hii kutoka kwa watu wasionijua.

Mlamu ile sahani yako juu ya kabati ndo iliyoniinua. Nilikanda unga jana asubuhi, tui zito, iliki nimeitwanga mwenyewe, mahamri kumi na mawili kwa sababu manane niliona haya kuyatazama ndani ya bakuli. Alasiri nikaenda. Hodi ya kwanza kimya, ya pili kimya, miguu ikataka kurudi, ya tatu nikasikia "karibuu" kutoka uani. Alikuwa anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikakaa pale pale kwenye mkeka, na kabla hajauliza nikasema mama niliona haya, nilichelewa mpaka nikaanza kukukimbia. Akaniangalia akasema, "Nilidhani limevunjika, ukaogopa kunambia. Nikasema siku nikimkamata ntamwambia bakuli si kitu."

Tumekaa mpaka karibu na magharibi. Alikuwa na dada yake aliyeolewa Mombasa, Kibokoni, zamani sana, akaniuliza mitaa nikamtajia. Mahamri alikula moja akafunika mengine akasema ya futari ya kesho, kumbe anafunga Jumatatu na Alhamisi. Nikaaga, akaingia ndani na bakuli, akatoka nalo limejaa vipande vya mkate wa kumimina bado una moto.

Kwa hivyo bakuli liko kwangu tena. Jumapili kuna khitma nyumba ya tatu, kanambia nivae kanga nije kwake saa tatu tufuatane.

Kwa sheha tunakwenda kesho, mume karudi leo usiku. Kushona nimekuacha mpaka nifike Kilimani. Fundi, nimesogeza kabati, nyuma yake kuna weusi na unga mpaka usawa wa kiuno, juu pakavu. Nimefagia kwa brashi kavu kama ulivyosema na mwenye nyumba nimempigia, anakuja Jumamosi kutizama, nitamsomea maneno yako ya rangi ya mafuta neno kwa neno.