Kuishi kwa uchoraji Mji Mkongwe: mali kauli, msimu na bei

Mchoraji wa Wete

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Wete, na sasa ninachora Mji Mkongwe, ambako picha zangu nyingi huziweka katika maduka mawili ya mtaa wa Gizenga kwa mali kauli: mwenye duka huuza kwa bei aitakayo, nami hupewa tuliyopatana pale picha inapotoka. Julai na Agosti mambo huwa mazuri, lakini masika yakiingia wageni hupungua na fedha hukatika. Zinazonunuliwa upesi ni simba, twiga na Wamaasai. Zile ninazozithamini mwenyewe, za wanawake wanaolima mwani na majahazi yakipakuliwa, hukaa ukutani mpaka zikafifia. Nawaomba wenye uzoefu wanieleze mtu afanyeje ili kazi hii imlishe kwa miaka 20. Je, niziache picha za simba?

Mzee wa Brashi

Waalaykum salaam, mwanangu. Usiziache kwa sasa, ila elewa kwa nini hazitakufikisha mbali. Mtindo huo wa simba na twiga, uitwao Tingatinga, ulianzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya hadibodi. Yeye alifariki mwaka 1972, na waliomfuata wakaueneza hadi ukawa biashara ya pwani nzima. Leo mgeni anayepita Gizenga huona simba yule yule katika kila duka, hajui nani kamchora wala hana haja ya kujua, kwa hiyo kinachobaki cha kushindania ni bei peke yake, na bei ikishashuka hairudi.

Tatizo lako kubwa zaidi naliona katika hiyo mali kauli. Fungua daftari uandike kila picha, kipimo chake, tarehe uliyoipeleka, bei ya chini unayoikubali na muda wa kukaa dukani, kisha mwenye duka atie saini. Muafikiane pia kuhusu hasara, kwa sababu picha inayotundikwa mlangoni huchomwa na jua, na unyevu wa bahari huleta kuvu nyuma ya turubai. Panga bei kwa kipimo, ukihesabu turubai, rangi, fremu na siku zako za kazi, na usiuze nyumbani kwa nusu ya bei ya dukani. Mapapasi, wale vijana wanaowazungusha wageni madukani, huingia kila mahali, na mwenye duka atapata habari kabla ya Magharibi.

Mpambaji wa Shangani

Mimi hununua picha kwa ajili ya hoteli, na naona ndugu yetu anabisha mlango usiokuwa wake. Hoteli ya ufukweni kule Paje haihitaji simba, kwani huko hakuna simba; inataka mwani, ngalawa na milango ya kuchongwa, tena picha kadhaa zinazofanana kwa rangi ili zienee vyumbani. Hoteli nyingi za ufukweni hufunga Aprili na Mei kwa matengenezo, na huo ndio wakati wa kupamba upya. Kwa hiyo miezi unayoiona mikavu ndiyo yenye kazi, mradi uje na albamu yako tangu Februari.

Omba arubuni ya nusu kabla hujanunua rangi, na usikubali kulipwa kwa chakula na malazi. Iandikwe pia kwamba unauza picha tu, si haki ya kuichapisha kwenye kadi na mashati. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ndiyo inayoshughulikia mambo hayo.

Mwalimu wa Chake

Naongeza moja. Mchoraji Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, na alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya huko, mwaka 2017 akiwa na miaka 63, mwaka ule ule ilipoondolewa sharti kwamba mshindani awe chini ya miaka 50. Kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akisomesha chuo kikuu huko Preston. Sioni aibu yoyote kwa mchoraji kuwa na mshahara wa skuli. Unamwezesha kuikataa bei mbaya.

Mchoraji wa Wete

Nashukuru sana. Ila mwenye duka akikataa kutia saini, nami sina pengine pa kuuzia?

Mzee wa Brashi

Basi mwachie simba wawili watatu, ambao wakipotea hutaumia sana, na zile za mwani uzitoe dukani kwake wiki hii. Zisafishe, zipige picha nje asubuhi kabla jua halijawa kali, uandike kipimo na bei chini ya kila moja, kisha umpelekee huyu wa Shangani. Amekwisha kukwambia anachokitafuta.